Somo la 7: Aliyekuwapo Kabla ya Macho Yote

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Waebrania 11:1-3, 27, Zaburi 19, Warumi 1:19, 20, Ayubu 38:1-7, Kutoka 20:8-11, Danieli 1, Ayubu 13:7, Yohana 20:24-29.

Fungu la kukariri: Waebrania 11:3. Lisomeni kwa pamoja kutoka katika Biblia zenu, kisha kila mmoja ajaribu kulisema bila kutazama kabla ya Sabato ijayo.

Kijana wa kidato cha kwanza aliinua mkono katika darasa la shule ya Sabato. Juma lile somo lilihusu Mwanzo 1, na mwalimu alikuwa ameuliza kama kuna mwenye swali. Kijana akasimama, akasema kwamba Jumatano watakuwa na mtihani wa Historia, na katika daftari lake imeandikwa kuwa fuvu la Zinjanthropus lina umri wa miaka milioni 1.75. Akiulizwa, aandike nini? Na akiandika yaliyo katika daftari, je, atakuwa amemkana Mungu?

Wazee wawili wakatazamana. Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwalimu, ambaye ni mtu mwema na hakuwa na nia mbaya, akasema kwamba maswali ya namna hiyo huletwa na yule mwovu, akamwambia aketi, akaendelea na sehemu ya Jumatatu. Kijana akaketi. Tangu siku hiyo hufika kanisani wakati wa ibada kuu, shule ya Sabato ikiwa imekwisha. Mama yake anadhani ni usingizi wa ujana tu.

Swali lake lilikuwa na mambo mawili ndani yake, nayo ndiyo somo la juma hili. Mtu anamwaminije Mungu asiyeonekana, aliyefanya kazi ambayo hakuna jicho la mwanadamu lililoishuhudia? Na mtu huyo asimameje mbele ya wanaosema vinginevyo, bila aibu na bila uongo?

JUMAPILI: Hati ya Kiwanja

Soma Waebrania 11:1-3. Mwandishi anatumia maneno gani mawili kuieleza imani?

Biblia ya Kiswahili inayotumiwa katika makanisa mengi ina maneno "hakika" na "bayana". Yote mawili ni mazito kuliko yanavyosikika. Bayana ni neno linalofaa barazani kwa hakimu: ni ushahidi ulio wazi. Neno la Kiyunani lililotafsiriwa "hakika", yaani hupostasis, hutajwa pia katika nyaraka za zamani za Misri zinazohusu umiliki wa mali. Kwa hiyo mwandishi hasemi kwamba imani ni kubahatisha, wala kwamba ni kujilazimisha kuamini jambo ambalo moyo unajua si kweli.

Fikiria mtu wa Mwanza aliyenunua kiwanja Dodoma. Hajafika Dodoma, lakini anayo hati yenye mhuri, naye analala usingizi. Usingizi wake hautokani na macho, maana hajaona kitu. Unatokana na uaminifu wa aliyetoa hati. Kama hati ilitolewa na tapeli (na matapeli wa viwanja hawakosekani), imani ya mnunuzi inaweza kuwa kubwa kama mlima na bado akakosa mahali pa kuchimba msingi. Ukubwa wa imani si jambo la kwanza. La kwanza ni nani aliyeahidi.

Sasa tazama mpangilio wa fungu la 3. Imani inatajwa kwanza, kisha kufahamu. Mwandishi hakusema kwamba watu wa Mungu walichunguza ulimwengu mpaka wakamaliza maswali yote, ndipo wakaamini. Walimwamini aliyesema, na kwa kumwamini wakaanza kuelewa wanachokiona. Ndivyo mtoto anavyojifunza lugha kwa mama yake. Hadai kwanza uthibitisho kwamba kitu kile kinaitwa "maji". Anamwamini mama, na baadaye ana lugha nzima ya kuulizia maswali.

Fungu la 27 linamtaja Musa, ambaye alivumilia kama mtu anayemwona asiyeonekana. Inafaa kukumbuka alitoka wapi. Misri ilikuwa nchi ya miungu inayoonekana kila kona, yenye nyuso, vichwa na mahekalu ya mawe. Tena Musa hakuwa mtu asiyekwenda shule. Matendo 7:22 inasema alifundishwa hekima yote ya Wamisri. Aliacha miungu inayoshikika kwa mikono akamfuata Mungu ambaye hata jina lake ilibidi aliulize.

Je, ni ahadi gani ya Mungu uliyoitegemea maishani kabla hujaona dalili yoyote ya kutimia kwake? Ulilalaje usiku ule?

JUMATATU: Nyayo za Laetoli

Soma Zaburi 19:1-10 na Warumi 1:19, 20. Vitu vilivyoumbwa vinasema nini juu ya Mungu, na havisemi nini?

Bonde la Oldupai, kaskazini mwa Tanzania, limepewa jina la katani ya porini ambayo Wamasai huiita oldupai. Hapo ndipo, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey alipoliona fuvu lile lililomsumbua kijana wetu. Mumewe, Louis, alikuwa kambini anaumwa. Watu wengi hawajui kwamba Louis Leakey alizaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903, katika nyumba ya wamisionari wa Kianglikana, na kwamba ujanani alifikiria kuwa mmisionari yeye mwenyewe. Tofauti ya mawazo juu ya asili ya mwanadamu haikuanza jana, wala haiko kati ya watu wa kanisani na watu wasiojua kanisa. Mara nyingi imepita katikati ya nyumba moja.

Kusini mwa Oldupai kuna mahali paitwapo Laetoli. Mwaka 1978 zilionekana hapo nyayo zilizokanyagwa katika majivu ya volkano yaliyolowa na baadaye kuwa magumu kama saruji, mlolongo wa mita 27 hivi. Wataalamu walizipima, wakazipiga picha, na baadaye zikafukiwa tena ili mvua na mizizi ya miti isiziharibu. Wanasema walipita wawili au watatu, wakitembea wima kwa miguu miwili, na kwamba mmoja alikanyaga palepale alipokanyaga mwenzake.

Hakuna mtaalamu aliyewaona wapitaji hao, wala hakuna anayedai kuwaona. Hata hivyo hakuna anayemcheka mtaalamu kwa kuamini kwamba walikuwapo. Unyayo ni unyayo. Mtu akitoka nje alfajiri akakuta alama za miguu kwenye tope mlangoni, hasemi kwamba tope limejikunja lenyewe.

Hivyo ndivyo Paulo anavyosema katika Warumi 1. Uweza wa Mungu haushikiki, lakini kazi zake zinaonekana, na mwenye akili anaweza kutoka kwenye kazi akamfikia Mtendaji. Mwadventista anayetazama jinsi mfupa wa mtoto uliovunjika unavyojiunga, au jinsi punje ya mtama inavyojua kupeleka mzizi chini na jani juu hata ikipandwa kichwa chini, haoni haya kusema: hapa amepita Mtu.

Lakini unyayo una mpaka wake. Nyayo za Laetoli hazisemi wapitaji waliitwa nani, walizungumza nini, wala walikuwa wakienda wapi. Zaburi 19 inalionyesha jambo hilohilo kwa namna ambayo msomaji wa haraka hupita bila kuiona. Sehemu ya kwanza, inayohusu mbingu na jua, inamtaja Mungu kwa jina la jumla tu. Jina lake la agano, ambalo Biblia zetu huliandika BWANA kwa herufi kubwa, halionekani mpaka fungu la 7, Daudi anapoanza kuizungumzia sheria. Mbingu zinatangaza kwamba yuko. Neno ndilo linalosema ni nani.

Ndiyo maana mtu anaweza kukaa maisha yake yote akivistaajabia viumbe bila kumjua Muumba. Na ndiyo maana mwalimu wa shule ya Sabato asidhani kwamba akishaeleza uzuri wa ua au wa jicho amemaliza kazi. Amemfikisha mgeni mlangoni tu. Bado hajamtambulisha kwa mwenye nyumba.

JUMANNE: Siku Isiyo na Nyota

Soma Ayubu 38:1-7. Kwa nini Mungu anamwuliza Ayubu alikuwa wapi?

Ayubu alikuwa na maswali machungu, na Mungu hakumkemea kwa kuwa nayo. Alimkumbusha jambo moja: hukuwapo. Jambo hilo linamhusu kila mtu. Mtaalamu wa miamba hakuwapo. Mchungaji hakuwapo. Umri wa miaka milioni 1.75 ulitokana na kupima miamba ya volkano ya Oldupai, kwa kulinganisha potasiamu na gesi ya agoni inayozaliwa kutokana nayo. Kipimo ni kazi ya kweli ya maabara. Kukigeuza kiwe miaka ni kusoma habari za wakati ambao hakuna msomaji aliyeuona, na katika kusoma huko kila mtu anaanza na jambo analoliamini tayari.

Kanisa la Waadventista wa Sabato limesema wazi linaanzia wapi. Katika mkutano mkuu wa dunia wa mwaka 2015, uliofanyika San Antonio, Marekani, tamko la imani ya msingi namba 6 lilirekebishwa ili kueleza bila utata kwamba Mungu aliumba kwa siku sita halisi, na kwamba uumbaji huo si wa zamani za mbali sana. Tangu 1958 Kanisa lina taasisi yake ya utafiti wa sayansi ya dunia. Waadventista walio wanasayansi hukiri kwamba yapo maswali kuhusu miamba na umri wake ambayo bado hawajapata majibu ya kuridhisha. Kukiri hivyo si kushindwa. Mwenye hati ya kiwanja naye ana maswali mengi kuhusu Dodoma.

Soma sasa Kutoka 20:8-11. Amri ya nne inaunganisha Sabato na tukio gani?

Siku inatokana na dunia kuzunguka kwenye mhimili wake. Mwezi unatokana na mwezi wa angani, na mwaka unatokana na safari ya dunia kulizunguka jua. Mkulima asiye na kalenda anaweza kuvitambua vyote vitatu kwa kutazama juu. Lakini juma je? Tafuta angani chochote kinachokamilika kila siku saba, hutakipata. Mtu akipotelea porini kwa miezi miwili atajua kama mwezi ni mpevu, lakini hatajua kama leo ni Sabato mpaka akutane na mtu wa kumwambia. Sabato haina nyota yake. Ilikuja kwa neno, ikahifadhiwa kwa neno, na watu wameipokea mmoja kutoka kwa mwingine tangu mwanzo.

Ona basi hekima ya Mungu. Angeweza kuweka ukumbusho wa uumbaji katika kitu kinachoonekana, mlima fulani au jiwe fulani, na watu wangefunga safari kwenda kulibusu. Aliuweka katika siku, kitu kisichoshikika, ambacho mtu hawezi kukitunza bila kumwamini aliyesema. Mama muuza mboga anayefunga genge lake Ijumaa kabla jua halijazama, wateja wakiwa bado njiani kutoka kazini, anasema juu ya uumbaji jambo ambalo vitabu vingi havijaweza kulisema. Faida ya jioni ile anaiacha mezani kwa sababu ya juma moja ambalo hakuwapo kuliona.

JUMATANO: Danieli Darasani

Soma Danieli 1:3-20. Danieli alikataa nini Babeli, na hakukataa nini?

Alikataa chakula cha mfalme, lakini hakukataa masomo. Fungu la 4 linasema vijana wale waliwekwa wafundishwe elimu ya Wakaldayo na lugha yao, na elimu hiyo ilijaa mambo ya miungu ya Babeli. Mwishoni mfalme mwenyewe aliwahoji, akawaona wamewapita waganga wake mara kumi. Mtu hawezi kuwapita wenzake katika jambo alilokataa kujifunza.

Kijana wa kidato cha kwanza na aandike katika mtihani kile ambacho kitabu cha Historia kinafundisha, na akiandike vizuri, apate alama zake. Kueleza wanachosema wataalamu si kukiri kwamba ndiyo imani yako, kama vile wakili anavyoeleza hoja za upande wa pili bila kuhamia huko. Swali lake lingejibiwa kwa dakika mbili.

ALHAMISI: Uongo kwa Ajili ya Mungu

Soma Ayubu 13:7. Ayubu anawashtaki rafiki zake kwa kosa gani?

Ni fungu ambalo halihubiriwi sana. Rafiki za Ayubu walikuwa wakimtetea Mungu, na Ayubu anawauliza kama watasema maneno ya hila kwa niaba yake. Mwishoni mwa kitabu (42:7) hasira ya Mungu inawaka juu yao, si juu ya Ayubu aliyeuliza maswali.

Katika makundi ya WhatsApp ya makanisa mengi imezunguka picha ya mifupa ya jitu, imelala ndani ya shimo, na wachimbaji wadogo kama sisimizi kando yake. Chini huandikwa kwamba ni ushahidi wa watu wa kabla ya gharika na kwamba wanasayansi wanauficha. Picha hiyo ilitengenezwa kwa kompyuta mwaka 2002 kwa ajili ya mashindano ya kuunda picha. Aliyeitengeneza hakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Waliodanganya ni walioituma.

Ipo pia hadithi kwamba Charles Darwin alitubu kitandani akifa na kuyakana mafundisho yake. Darwin alikufa mwaka 1882. Hadithi ilichapishwa katika gazeti la kanisa nchini Marekani mwaka 1915, miaka 33 baadaye, na mwaka 1922 binti yake Henrietta, aliyekuwapo baba alipokufa, aliandika wazi kwamba haikuwa kweli. Bado inasimuliwa mimbarani. Hata yale maneno anayowekewa kinywani Yuri Gagarin, kwamba alifika angani tarehe 12 Aprili 1961 asimwone Mungu, hayapatikani katika kumbukumbu za mazungumzo yake ya safari ile. Na mahubiri mangapi yamejengwa juu yake!

Madhara yake ni haya. Kijana anasikia hadithi ya Darwin kanisani, anaibeba mpaka chuoni, anaitoa kwa ujasiri mbele ya wenzake. Mmoja anachukua simu yake, na kwa nusu dakika anaonyesha kwamba ni uzushi. Kijana anarudi bwenini na swali jipya: kama walinidanganya juu ya Darwin, je, juu ya kaburi lililo wazi? Hakuna kitabu cha jiolojia kilichomwangusha. Kilichomwangusha ni mzee wa kanisa aliyependa hadithi tamu kuliko kweli.

Soma 1 Petro 3:15. Petro anataka mwamini awe tayari kujibu kila amwulizaye, na anataja pia upole na hofu. Upole ni kwa ajili ya anayeuliza. Hofu ni mbele za Mungu ambaye jina lake liko hatarini kila tunapofungua kinywa kumtetea.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Sura ya 9 ya kitabu cha Ellen White kuhusu wazee wa kale na manabii inaeleza juma halisi la uumbaji. Isomwe nyumbani na familia nzima, taratibu, watoto wakiruhusiwa kukatiza na kuuliza.

Soma pia Yohana 20:24-29 ukiangalia jambo dogo katika fungu la 26. Tomaso alikuwa amesema hadharani kwamba hataamini asipoona na kugusa. Siku nane zikapita. Siku nane ni muda mrefu kwa mtu mwenye mashaka kukaa kati ya watu kumi wenye furaha. Hata hivyo Yesu alipokuja, Tomaso alikuwa ndani pamoja nao. Hawakumfukuza, hawakumcheka akatoka mwenyewe, wala hawakumwambia swali lake ni la yule mwovu. Kama wangefanya hivyo, Bwana angekuja na kukuta kiti kitupu. Alipofika alianza na Tomaso, akampa kile hasa alichokiomba, kisha akawabariki ambao wangeamini bila kuona.

MASWALI YA KUJADILI

1. Darasa lisome tena Waebrania 11:3. Je, kuna tofauti gani kati ya kuamini bila kuona na kuamini bila sababu? Toeni mifano kutoka katika kazi zenu: shambani, hospitalini, garini, dukani.

2. Mwalimu Mwadventista anayefundisha Biolojia au Historia katika shule ya serikali afundisheje mada ya asili ya mwanadamu kwa uaminifu kwa mwajiri wake na kwa Mungu wake? Kama yuko mmoja darasani mwenu, msikilizeni yeye kwanza.

3. Ni habari gani inayozunguka katika kundi lenu la simu juu ya sayansi na Biblia ambayo hakuna aliyeihakiki? Nani ataihakiki kabla ya Sabato ijayo, na ikionekana si kweli, nani atawaambia washiriki?

4. Mtazame pande zote za darasa. Ni kijana gani aliyekuwa akiketi hapa mwaka jana na sasa anafika ibada kuu tu? Nani atakwenda nyumbani kwao juma hili, si kumhubiria, bali kumwuliza swali lake lilikuwa lipi?